Majivu ya Mama wa Pito

Nichekeni, lakini taratibu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Sumbawanga. Mashine za kusaga za watu binafsi zilipoanza kuenea vijijini, nilipata kazi tele na kichwa kikavimba.

Asubuhi moja mama mmoja wa kijiji cha Pito aliniletea kifuniko cha injini ya mashine yake, kimepasuka, na watu wanangoja unga. Akaniachia pia debe la majivu. "Ukimaliza, hayo yatakusaidia," akasema, akaenda sokoni.

Yatanisaidia nini? Nikajua ni dawa za uchawi. Mimi, mwanakwaya mzima! Nikafanya ishara ya msalaba, nikayamwaga chooni. Kisha nikachomelea kifuniko vizuri sana, nikakiweka nje kwenye upepo wa baridi kipoe upesi.

Mama aliporudi, tukasikia sote wawili: ta! Ufa mpya, kando ya ule niliouziba.

"Fundi, hukukifukia?" akauliza. "Marehemu baba alikuwa mhunzi. Chuma na kiraka havisinyai sawa. Vikipoa ghafla vinavutana mpaka vinapasuka. Kwenye majivu vinapoa polepole, vinazoeana. Majivu yangu yako wapi?"

Nilitazama mlango wa choo, naye akautazama.