Bastola Chini ya Kiti cha Mkwe

Watu wa Bokoli bado wananiuliza kama Eliakim aliiba ile bastola kweli. Nimechoka na hilo swali. Mimi ni senge yake, dada ya baba yake, nilimbeba mgongoni kabla hajaota meno, na nawaambia hivi: Eliakim hakuwahi kuiba hata karanga. Alikuwa kijana wa kupiga mluzi tangu asubuhi, wa kunyoosha suruali kwa kuilaza chini ya godoro, na wa kucheka hadithi yake mwenyewe kabla hajaifikisha mwisho. Aliendesha pikapu ya maziwa ya bwana mmoja wa Webuye. Kwetu nyumbani hakuna mwingine aliyejua kushika usukani, kwa hivyo kila safari alitumwa yeye.

Mwaka wa elfu mbili na nne dada yake Nangila alipata mchumba huko Kitale. Jina lake Muturi, mnunuzi wa mahindi katika soko la mji wa Kwanza, karibu na Kitale, na sikumchukia. Alikuwa mpole, mnene kidogo, mtu wa kuombea chakula mpaka ugali unapoa. Majambazi walishamvamia njiani akiwa na pesa za wakulima, ndiyo sababu serikali ilimpa cheti cha kumiliki bastola. Cheti kilikuwa chake peke yake. Sheria ilimtaka akae nayo mwilini au aifungie nyumbani ndani ya sanduku la chuma. Kuiacha kwenye gari lisilo na mtu ni kosa, na kumwachia mtu asiye na cheti ni kosa kubwa zaidi. Muturi aliyajua haya yote. Mimi niliyajua baadaye, kortini, yakisomwa kwa sauti huku mtoto wangu amefungwa pingu.

Siku ya kuongea mahari Muturi alikuja Bokoli na wazee wake kwa gari lake. Kwetu mkwe haingii nyumba ya wakwe na silaha, hata panga huachwa nje, na Nangila alikuwa amemfundisha hivyo. Basi si angeiacha nyumbani kwake, huko Kwanza? Lakini aliogopa barabara. Akaifunga kwa kitambaa, akaisukuma chini ya kiti cha dereva, akafunga milango, akaingia kutusalimia akitabasamu.

Mambo yalienda vizuri mpaka soda zikaisha. Watu walizidi, si unajua kwetu, harufu ya kuku ikivuka ua kila mtu anakuwa jamaa. Sasa siku hiyo gari la mkwe ni gari la nyumbani, na kumnyima shemeji ufunguo ni kusema hutaki undugu. Ndugu yangu Hesbon, baba ya Nangila na Eliakim, akanyoosha mkono mbele ya wazee wote akaomba ufunguo, ili Eliakim akimbie Webuye alete kreti. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikamwona Muturi anaushikilia mfuko wake. Akasema labda aende yeye mwenyewe. Wazee wakaguna: mkwe hatoki katikati ya mazungumzo, ana haraka gani? Angesema neno moja tu, kwamba bastola iko kwenye gari, na yangeisha. Lakini aliona aibu kuitwa mtu aliyekuja kuomba mke na bunduki. Aibu gani hiyo, jamani! Akatoa ufunguo.

Wiki hiyo duka moja lilikuwa limevunjwa, na polisi walikuwa wakipekua magari kwenye barabara kuu. Askari akapitisha mkono chini ya kiti. Eliakim alipigwa mpaka sikio moja likaacha kusikia, akiulizwa wenzake wako wapi. Hakuwa na wenzake. Alikuwa na kreti za soda.

Habari zilipotufikia Muturi alituvuta kando mimi na Hesbon, akatuambia ukweli wote pale pale. Nilidhani angekimbia kituoni. Alikimbia Kitale kwa wakili. Kesho yake akarudi na macho mekundu, akakaa na Hesbon nyuma ya nyumba, nami nikaitwa kwa sababu mambo ya watoto wa kaka hayaamuliwi bila senge. Wakili alikuwa amemweleza waziwazi. Akisema aliiacha garini na kumpa mtu ufunguo, atanyang'anywa cheti na huenda akafungwa. Akisema ilikuwa mfukoni mwa koti lake na Eliakim akaiiba, basi yeye atapona. Na Nangila alikuwa tayari na mimba.

Nilimwambia Muturi aende polisi sasa hivi, na kama hana miguu nitamkokota. Hesbon akaniambia nikae chini. Akasema Eliakim hana mke wala mtoto, atafungwa kidogo atoke, lakini Muturi akifungwa Nangila atarudi nyumbani na tumbo na kijiji kitatucheka. Ng'ombe walikuwa wameshatajwa. Ndugu yangu, tuliyenyonya naye titi moja, aliwapima watoto wake wawili kama magunia ya mahindi. Nililia kwa hasira, wala si kwa huzuni.

Hesbon alikwenda seli mwenyewe. Eliakim ndiye aliyenisimulia baadaye. Baba yake alishika nondo za mlango akamwambia, "Sema uliiba. Nakuomba kama baba." Eliakim akamuuliza kama Nangila anajua. Akajibiwa anajua. Hakuuliza kitu kingine.

Kortini Bungoma alikubali kosa. Hakimu akamuuliza tena kama ameelewa anachokikubali, naye akageuza lile sikio zima, akasikiliza, akasema ndiyo. Miaka saba. Muturi alikuwa ameketi nyuma ameinamisha kichwa, anaomba, sijui alimwomba Mungu gani. Harusi ilifanyika Kitale kabla tumbo halijaonekana sana, na Hesbon alivaa suti. Mimi sikwenda.

Nangila akajifungua mvulana. Kwa kina Muturi mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, na hawachezi na hilo. Muturi akakataa. Alisema mtoto ataitwa Eliakim, hiyo ndiyo shukrani yake, na wazee wake walikasirika hata wakasusa kuja kumwona. Lakini kwetu sisi mtoto hupewa jina la mtu aliyekufa, ili jina lisipotee. La aliye hai haliguswi. Nangila alijua hilo tangu utotoni, kwa hivyo nilimuuliza kwa nini hakumkataza mumewe. Akaniambia, "Senge, ningemwambia nini, na alikuwa amefurahi hivyo?"

Walipompeleka mtoto jela niliandamana nao, kwa sababu sikutaka Eliakim abaki peke yake na hao watu. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya zile nguo. Muturi akamwinua mtoto juu ya meza iliyotutenga, akasema kwa furaha ya kweli, na hiyo furaha ndiyo iliyoniuma zaidi, "Shemeji, huyu ni Eliakim. Tumempa jina lako."

Eliakim alimtazama mtoto. Akamshika kidole. Kisha akanigeukia mimi, si wao.

"Senge," akasema, "mlinizika lini?"

Nangila akainama. Muturi akacheka, akidhani ni mzaha.