Mguu wa Baba

Klachi ikiungua hutoa harufu chungu inayokwaruza koo na kung'ang'ania nguo hata zikifuliwa mara mbili. Watu wengine wakiinusa barabarani hufunga vioo na kumlaani dereva. Mimi hufungua changu. Kwangu harufu hiyo ni kiangazi cha mwaka niliotimiza miaka kumi na minne, hapa Kolwezi, mji wa migodi, vumbi jekundu limefunika majani ya mipapai, nyumba yetu iko pembezoni mwa mtaa wa Kasulo, na watu wazima wameshaamua kwamba gari letu limefika mwisho wake. Hawakuniuliza. Basi na mimi sikuwauliza.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu yenye kiti kimoja kirefu mbele. Iliingia nchini kupitia Zambia, kwa hiyo usukani wake uko kulia, ilhali kwetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Magari ya namna hiyo yamejaa mkoa mzima na kila mtu anajua shida yake: dereva akitaka kulipita lori haoni kinachokuja, mpaka aliyekaa dirisha la kushoto achungulie na kumwambia. Katika gari letu kazi hiyo ilikuwa ya mama. Alinunua mahindi Lubudi, akayasagisha, akauza unga wa bukari, ugali wetu, sokoni, na baba ndiye aliyemwendesha. Mama alitoa kichwa nje, kitambaa kikipigwa na upepo, akasema "Ngoja", tena "Ngoja", halafu "Pita", na baba akapita. Nyumbani walibishana kila siku, lakini barabarani sikuwahi kumsikia baba akipinga neno la mama.

Kisha jeki ikateleza. Baba alikuwa akibadilisha gurudumu njiani karibu na Tenke, gari likamwangukia mguu wa kushoto. Mfupa uliunga, ila kifundo kikagoma kukunjika. Alitembea kwa fimbo, alicheka na kutukaripia kama zamani. Kitu kimoja tu kilimshinda, kukanyaga klachi, na bila klachi gia haiingii. Mahindi ya mama yakabaki Lubudi. Hapo ndipo baba mkubwa, kaka yake baba, alipoanza kuja kwetu kila Jumapili baada ya misa, amevaa viatu vilivyong'aa, na wazo lake moja: gari liuzwe, tununue pampu na kamba, tufukue madini ya kobalti uani kama majirani. Wakati ule watu walichimba hata chini ya vyumba vya kulala. Baba hakutaka nyumba yake isimame juu ya shimo. Lakini yeye ndiye mdogo, na katika ukoo wetu mdogo hamjibu mkubwa mbele ya watu. Akanyamaza, na baba mkubwa akahesabu kunyamaza huko kuwa ni kukubali.

Mimi kunyamaza sikujaliwa. Asubuhi moja nilipanda kwenye ile pikapu, nikakaa katikati ya kiti, nikaupitisha mguu wangu wa kulia ng'ambo ya gia. Usukani ukiwa kulia, klachi huwa upande wa katikati ya gari, na kidole changu kikubwa kiliigusa. Nikajisogeza, wayo wote ukafika. Nikamwita baba.

"Tata, ona. Muguu yangu inafika."

Alikuja akichechemea, akasimama mlangoni akitazama mguu wangu mwembamba wenye vumbi. Kisha akapanda, akaweka fimbo yake pembeni.

"Nikisema kanyaga, unakanyaga mpaka chini," akaniambia. "Nikisema achia, unaachia polepole. Usiangalie njia, njia ni ya mama yako. Weye sikiliza motere." Motere ndiyo injini.

Wiki ya kwanza tuliruka kama chura kutoka mwembe wa jirani hadi kwenye kibanda cha kuku, na kuku wakakoma kutaga. Klachi ilifuka moshi, baba akatukana kwa Kiluba ili nisielewe, na nilielewa yote. Lakini polepole nikaisikia ile sehemu: unapoachia, mngurumo unazama kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kunyanyua gunia, na hapo mguu usubiri. Nikijua kusubiri hapo, gari linaondoka bila mtu kutikisika. Mwezi haukuisha tukaenda Lubudi, mikono ya baba, mguu wangu, macho ya mama, tukarudi na magunia hadi juu. Vijana wa mtaani walitupigia kelele, "Motokari ya batu batatu!" Mama aliwapungia mkono kama waziri.

Jumamosi moja mama akiwa sokoni, baba mkubwa aliingia uani na mnunuzi. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mimi naosha sufuria. Baba mkubwa alimwonyesha mgeni tairi, akamwonyesha bodi, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima.

"Haina na dereva. Ni kilema inabebwa na batoto." Akageuka, akaninyooshea kidole. "Kama iko mutu mumoja wa hii lupango anaweza kuitosha inje peke yake, miye nitanyamaza."

Kuitosha inje ni kuitoa nje, na lupango ndiyo kiwanja chetu, ua na nyumba pamoja. Alijua vizuri nani wanaishi humo: kilema mmoja, mwanamke mmoja, mimi na wadogo zangu wawili waliokuwa bado wanakojoa kitandani. Nilifuta mikono kwenye gauni, nikaenda kwa baba, nikatoa ufunguo mfukoni mwa shati lake. Hakunizuia.

Na hapo, kwenye kiti cha dereva, nilifanya kosa ambalo sidhani mtu mwingine duniani amewahi kulifanya. Mguu wangu wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye klachi. Ndio uliojifunza. Wa kushoto haukujua chochote, ulikuwa umezoea kukaa tu karibu na kikapu cha mama. Nikauweka wa kushoto kwenye klachi kwa nguvu, nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia. Gari likaruka, likazimika. Mnunuzi akacheka. Nikarudia, likazimika tena, na ile harufu ikapanda. Nilimtazama baba anisaidie kwa neno moja tu, kanyaga au achia. Alitazama fimbo yake. Niliumia, nilidhani ameniacha.

Niliogopa, siwezi kudanganya, lakini hasira ilizidi. Nikawasha mara ya tatu, nikaweka gia, kisha nikalikamata goti langu la kushoto kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, na nikaanza kuuinua polepole huo mguu mjinga kwa mkono wangu mwenyewe. Mngurumo ukazama. Nikasubiri. Gari likaondoka. Nikatoka getini, nikaenda hadi njia panda, nikageuza, nikarudi uani na kulizima mimi mwenyewe, kwa ufunguo.

"Huyu ni mutoto mwanamuke," baba mkubwa akasema.

"Ulisema mutu mumoja, yaya," baba akajibu. "Haukusema mwanaume."

Yaya kwetu ni kaka mkubwa, na sikuwahi kumsikia baba akimjibu huyu. Mnunuzi aliondoka kwa pikipiki. Jioni baba aliniambia kwa nini alikaa kimya: angetamka neno moja, wangesema tulikuwa wawili.

Leo naendesha lori la mgodi ambalo magurudumu yake yananizidi urefu. Halina klachi, na wapo wanaume wanaosema ndiyo maana wakapewa wanawake. Nawakaribisha Jumamosi waje kuijaribu pikapu yetu. Hadi leo hakuna aliyeitoa uani bila kuizima. Uani kwetu hakuna shimo. Kwa baba mkubwa walichimba, ukuta ukapasuka toka juu hadi chini, akahamia kwa binti yake Lubudi, na akija Kolwezi kutuona mimi ndiye ninayemrudisha. Baba hukaa katikati, kifundo chake kikiwa kigumu vilevile, na kila nikibadilisha gia mguu wake ulio mzima hukanyaga sakafu. Siku hizo mama hubaki sokoni, na dirisha la kushoto ni la baba mkubwa.

Wiki iliyopita tulikuta lori la saruji likipanda kilima taratibu. Nikamngoja baba mkubwa aseme. Akatoa kichwa chake cheupe nje, akashika kofia.

"Ngoja," akasema. "Ngoja. Sasa pita, mama."