Kokoto za Mapangoni

Mama aligonga kokoto kule Makoko, Musoma, tangu nikiwa mdogo, na kokoto hizo ndizo zilizonisomesha. Ni mtu asiyeogopa kazi wala maumivu. Kwa hiyo daktari wa Mumbai aliposema uvimbe ulio nyuma ya jicho lake la kulia ukatwe kabla haujaharibu na la kushoto, na Mama akajibu kwamba atafikiri, nilikasirika. Tumetoka Musoma mpaka India, halafu mtu anafikiri! Daktari alimpa siku mbili.

Jumapili, tulipochoka kununiana chumbani, tulipanda basi hadi vilima vya nje ya jiji, kuona mapango ambayo watawa wa Kibudha waliyachonga zamani sana yawe mahekalu yao. Mimi nilitaka picha. Mama alivua viatu mlangoni, akafanya ishara ya msalaba, akaenda moja kwa moja kupapasa ukuta.

"Hii haijajengwa," alisema. "Wametoboa jiwe lenyewe. Sasa kokoto zake walizipelekaga wapi?"

Nilimuuliza mlinzi. Alicheka, akasema hajawahi kuulizwa hilo.

Pango la mwisho halikumalizwa. Nguzo yake moja ilikuwa imetoka kwenye mwamba hadi nusu tu. Mama aliipapasa, kidole kikakuta ufa.

"Hapa jiwe liliwakatalia, wakaacha."

Nilijua amepata sababu ya kukataa. Lakini aliendelea kupapasa, na hatua chache pembeni akakuta alama za patasi, zimepangana vizuri.

"Wakaanza tena huku. Huyu fundi alikuwa na mkono."



Jumatatu, hospitalini, aliomba kushika mikono ya daktari. Kijana wa watu akaitoa, nadhani alitegemea baraka. Mama akaikanda kidole kwa kidole.

"Laini. Huyu hajawahi kugonga hata debe moja."

Nilitafsiri kwamba anamshukuru sana.

Hakuiachia. Aliishikilia mpaka daktari akanitazama mimi.

"Haitetemeki," Mama akasema. "Mwanangu, mimi kisu siogopi. Nilikuwa naogopa mtu wa kubahatisha. Leta hiyo fomu, nionyeshe pa kuweka sahihi."

Nilimshika kidole nimwonyeshe. Nilikuwa nalia, nikakiweka kimakosa kwenye mstari wa sahihi ya daktari.