Nilikimbia kwa Kadi ya Mtu

Midomo ndiyo ilianza kuvimba. Halafu ulimi ukajaa mdomoni kama kitambaa kilicholoweshwa, na koo likaanza kufunga. Nilikuwa nimelazwa kwenye kitanda cha zahanati moja ndogo Kajiado, upande wa reli, goti limefungwa bandeji, raba za kukimbilia bado ziko miguuni. Nesi aliinama juu yangu akaniita kwa jina. Halikuwa jina langu. Akaliita tena, kwa nguvu zaidi, akanigonga shavuni na vidole.

"Mama, unanisikia? Pumua, mama."

Nilikuwa nasikia. Nilitaka kumwambia huyo unayemwita hayuko hapa, yuko Kitengela anapiga pasi suruali. Lakini hewa iliyobaki ilikuwa kidogo sana na sikutaka kuimaliza kwa maneno.

Mlangoni alisimama ofisa wa michezo wa kiwanda chetu, ameshika kadi ya kijani mkononi. Katika chumba kile watu wawili tu ndio tuliokuwa tunajua kwa nini ninakufa: mimi, nisiyeweza kusema, na yeye, aliyeweza. Alinyamaza.

Sikufa. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo nitayaeleza haya vile yalivyofuatana, bila mapambo.

Ilikuwa mwaka wa ule ukame mkubwa, Wamaasai wakiswaga ng'ombe hadi barabarani kutafuta majani. Nilikuwa mke wa fundi wa mawe, tumetoka Ukambani, tumepanga chumba kimoja Kitengela, na nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kushona suruali. Kibarua maana yake unasimama geti kila asubuhi na wenzako, supavaiza anatoka, anahesabu vichwa anavyotaka, wengine mnarudi nyumbani. Wale walioandikwa kazi ya kudumu walikuwa na kadi ya kijani yenye picha. Wao walipita tu. Miaka minne niliiangalia ile kadi ikipita mbele yangu.

Na mtu asishangae nilivyokubali mambo niliyokubali. Pale kwetu kuingia na kadi ya mtu lilikuwa jambo la kawaida. Mwenye kadi akifiwa, au mtoto wake akishikwa na homa, alimpa kibarua kadi yake. Unaingia nayo, unashona kwa jina lake, siku inaandikwa yake, mnaelewana baadaye. Supavaiza alijua. Askari wa geti alijua. Ilimfaa kila mtu, basi hakuna aliyeuliza.

Nilikuwa nakimbia kwenda kazini kwa sababu waliochelewa hawakuhesabiwa. Asubuhi moja nikampita ofisa wa michezo akiwa kwenye baiskeli. Alikuwa mtu mnene kiasi, msafi, anaongea polepole kama mhubiri. Akanifuata hadi geti, jasho linamtoka.

"Sista, hizo mbio umefundishwa na nani?"

"Na geti, mkubwa. Linafungwa mapema."

Akacheka. Wiki hiyo akaniita kwenye kiofisi chake. Msimu huo viwanda vilikuwa vinashindana mbio za kilomita kumi, mara nne, ya mwisho Kajiado. Sheria ilitaka watu wa kadi ya kijani peke yao. Wanawake wa kadi ya kijani hawakutaka kukimbia. Akasema kuna mmoja wa sehemu ya pasi aliyekubali kutoa kadi yake.

"Na picha?" nikauliza.

"Picha ni nyeusi tu hiyo. Yeye amefunga kitambaa kichwani, na wewe utafunga kitambaa. Ukituletea kombe Kajiado, mimi mwenyewe nitakuandikisha kazi ya kudumu."

Kisha akaniuliza kama niko na ugonjwa wowote. Nikamwambia ugonjwa sina, lakini penisilini inanikataa. Nikiwa msichana nilidungwa sindano moja tu na wakaniandalia kaburi. Akaitikia kwa kichwa. Hilo alilisikia na masikio yake.

Nikaanza mazoezi kwenye barabara ya Namanga, Jumapili baada ya kanisa na siku ambazo sikuhesabiwa geti. Kulikuwa na mchunga ng'ombe mmoja, kijana wa Kimaasai, aliyekuwa ananingoja kwa hamu kama sinema.

"Sopa, mama," ananisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa."

"Leo tena? Nani anakufukuza?"

"Hakuna."

"Sasa kama hakuna, si utembee?"

Ningemwambia nafukuzwa na kadi ya kijani? Nililala vibaya majuma yale. Mzee wangu, yule fundi, alikuwa ananiuliza naogopa nini, na kumbe mbio ni miguu yangu mwenyewe. Miguu sikuiogopa. Niliogopa jina.

Na sikukosea. Mbio za kwanza, hapo hapo Kitengela, nilimaliza wa tatu. Wakatangaza jina la wa tatu kwenye spika, na mimi nikapiga makofi pamoja na watu wengine, nageuza shingo kumtafuta huyo mama aliyefanya vizuri. Mwenzangu wa timu, mama mmoja wa sehemu ya kupakia, mwenye kadi yake mwenyewe, akanifinya ubavuni.

"Ni wewe. Enda, wanakuangalia."

Jumatatu mwenye kadi akapita kwenye laini yetu ya cherehani akichechemea, ameshika kiuno.

"Wacheni tu," akasema. "Hiyo mbio ya juzi iliniua. Miguu yote inauma."

Laini nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama wa watoto watano kutoka magharibi, aliambiwa toa kadi akatoa. Simtaji kwa ubaya.

Mbio za pili, Athi River, karani wa kuandikisha aliikodolea macho ile picha, kisha mimi, kisha picha.

"Mbona hapa ulikuwa umenona?"

"Ni hii njaa," nikasema.

Aliniachilia, nami nikavuta kitambaa hadi kwenye nyusi. Nilikimbia mbio hizo nikisikia kana kwamba karani yuko nyuma yangu na kadi. Nikawa wa kumi na tisa. Tulirudi Kitengela na gari la kiwanda, mimi na ofisa.

"Hiyo kadi naweza kumpa mwingine," akasema wakati nateremka. "Vibarua wako wengi pale geti wana miguu."

Siku mbili sikula vizuri. Nikaongeza mazoezi, nikawa naamka mapema zaidi. Mbio za tatu zilikuwa Isinya, siku ya mawingu, upepo baridi unatoka tambarare, na nilishinda. Sitajifanya haikuwa tamu. Mita za mwisho nilikuwa peke yangu barabarani, nasikia raba zangu tu, na kwa muda ule sikukumbuka nimevaa jina la nani.

Jina la mwenye kadi likabandikwa kwenye ubao wa kiwanda. Nikiwa kwenye cherehani yangu nilimwona meneja akimpa mkono mama wa pasi, mama ambaye hata kengele ya chai ikilia hakimbii. Yeye aliangalia chini. Mimi pia niliangalia chini, nikaendelea kushona.

Sasa sikilizeni hili vizuri, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo. Raba zilikuwa zimenichubua Isinya na kidonda cha kisigino kikaota usaha. Ofisa akanipeleka mwenyewe kwa nesi wa kiwanda, ili nipone kabla ya Kajiado. Nesi akachukua chupa ya sindano. Kabla sijafungua mdomo, ofisa akasema: "Huyo hapana. Penisilini inamkataa, itamuua." Nikapewa vidonge vya aina nyingine. Kwa hivyo mtu asije kuniambia alikuwa amesahau. Hiyo ilikuwa majuma matatu tu kabla ya Kajiado.

Mbio za Kajiado ziliwekwa Jumamosi, siku ambayo vibarua wanafanya kazi. Nikamuuliza, "Na kwenye rejista ya vibarua nitakuwa wapi, mkubwa?"

"Hiyo niachie mimi. Wewe niletee kombe."

Jua la siku hiyo lilichoma kuanzia saa tatu. Wanawake wengine walivua vitambaa, wakamwagia vichwa maji. Mimi sikuweza, kitambaa ndicho kilichokuwa kadi yangu. Tukatoka. Nusu ya njia nilikuwa wa pili, na yule wa kwanza nilikuwa naona mgongo wake, anayumba. Mbele yetu kukawa na meza ya maji, makarani wawili wanaandika namba. Na kando ya meza, amebeba mtoto, alisimama mama tuliyewahi kuishi naye ploti moja Kitengela kabla mumewe hajahamishiwa Kajiado. Akaniona. Akafurahi kabisa, akapunga mkono, akaita jina langu, langu la kweli, mara mbili, tatu.

Karani mmoja aliinua kichwa, akaangalia karatasi yake.

Niliinamisha uso nikapita kama simjui. Sikunyoosha mkono kuchukua maji. Nilijiambia kilomita tano si mbali. Yule mama nilimsikia akisema nyuma yangu, "Kwani huyu ananiringia?"

Kitu cha mwisho ninachokumbuka vizuri ni kwamba nilimpita yule wa kwanza. Kisha barabara ikawa nyeupe. Nilianguka karibu na lango la uwanja, juu ya kokoto, goti likafunguka mpaka mfupa ukaonekana. Mwenzangu wa kupakia ndiye aliyenikuta, akaacha mbio zake akaketi chini na mimi. Walinibeba na pikapu hadi zahanati, naye akaja nami, ingawa habari ya penisilini hakuijua. Nilikuwa nasikia watu kwa mbali, kama wako ndani ya pipa, na mdomo wangu ulikuwa mzito, haunitii.

Nesi aliosha goti. Akauliza jina, ofisa akatoa kadi ya kijani na kadi ya kliniki inayoambatana nayo. Nesi akaandika. Halafu akauliza swali ambalo kila nesi mzuri huuliza.

"Kuna dawa inamkataa?"

Ofisa akaangalia kadi ya kliniki. Ya mama wa pasi. Akasoma.

"Hakuna."

Nililisikia neno hilo. Nikajaribu kutikisa kichwa, na mwenzangu anasema kweli nilikitikisa, lakini nesi alidhani ni maumivu ya goti. Akanishika begani kwa upole, akasema, "Vumilia, mama, ni ya kuzuia usaha." Ikaingia.

Yaliyofuata nimeshayasema. Nesi huyo ndiye aliyeniokoa. Alipoona uso unavimba alielewa kabla ya mtu yeyote kumwambia, akakimbia, akarudi na sindano nyingine na daktari nyuma yake. Alikuwa amesomewa kadi na mtu mzima mwenye tai. Angefanya nini zaidi? Mkono wake nisingeweza kuulaumu.

Nilipopata sauti, jioni, daktari aliniuliza ninaitwa nani, aone kama akili imerudi. Nikamtajia jina langu. Ofisa akacheka kidogo, akamgusa daktari mkono.

"Bado amechanganyikiwa. Aliangukia kichwa."

Basi wakaniweka siku tatu zaidi, kwa ajili ya kichwa. Mzee wangu alifika Jumapili, ametafuta kila mahali, akauliza dirishani kama mke wake amelazwa pale. Wakaangalia kitabu. Wakamwambia hakuna mtu wa jina hilo, na jina la mwenye kadi sikuwahi kumtajia. Akarudi Kitengela akiamini nimekufa mahali, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta.

Niliporudi kiwandani nikichechemea kwa kweli, supavaiza alinionyesha rejista. Kwenye rejista, Jumamosi nilikuwa sikufika kazini. Jumatatu sikufika. Jumanne sikufika. Kibarua asiyefika siku tatu bila ruhusa anafutwa, na nilikuwa nimefutwa. Nikasema nilikuwa Kajiado, nakimbia kwa ajili ya kiwanda. Akafungua faili nyingine. Kajiado alikimbia mama wa pasi, akaanguka, na hata siku za ugonjwa amepewa.

Nikaenda kwa ofisa. Aliniacha nimesimama.

"Mama, mimi sikujui huko Kajiado," akasema. "Kadi yako iko wapi?"

Miaka mingi imepita. Goti halijakunjika vizuri tangu siku hiyo, kukimbia ni kwa kuota tu. Mwenzangu wa kupakia aliniambia yote aliyoyaona zahanati, na amesema yuko tayari kuyarudia mbele ya mtu yeyote. Kiwanda kilifungwa, wenyewe wakaenda zao. Lakini ofisa hakwenda popote. Yuko hapa hapa Kitengela, amestaafu, na siku za likizo anakusanya wasichana wa shule pale uwanjani na kipenga shingoni, anawafundisha kukimbia. Wazazi wanamwita mwalimu.

Simdai kombe, wala ile kazi. Jina lake sikuliandika hapa, lakini yeye anajijua, na waliofanya kazi pale wanamjua. Namtaka achague mahali, kanisani kwake, kwa chifu, au hapo hapo uwanjani mbele ya wale wazazi, nami nitafika na mwenzangu. Pale asimame ajibu. Nesi alipokuuliza, ulijua ni mimi niliyelala pale. Ulijua sindano ile itanifanya nini. Ulisoma "hakuna" kwa sababu uliogopa kunaswa, au kwa sababu kibarua akifa kwa jina la mtu mwingine hakuna wa kuulizwa? Ni lipi? Nataka nilisikie kutoka kinywani mwako, na wale wazazi walisikie kabla hujapuliza kipenga tena.