Ini Langu Lilipitishwa Nikiwa Jikoni

Katika ukoo wetu hakuna jambo linalofanyika bila kamati. Harusi ina kamati, matanga yana kamati, hata siku kaka yangu mkubwa alipotaka kuchimba choo huko Murera aliteua katibu. Kwa hiyo daktari alipotuambia kwamba ini la Baba limekwisha, na kwamba atapona tu akipata kipande cha ini la mtu aliye hai, sikushangaa kaka alipoitisha mkutano nyumbani kwake Gatongora, Jumapili, baada ya ibada. Sisi watoto wanne tulikuwa tumeshapimwa damu, na zote zililingana na ya Baba.

Nilifunga duka langu la mapazia Thika, nikaenda. Mkutano ulifunguliwa kwa maombi marefu kuliko ugonjwa wenyewe. Kisha kaka zangu watatu, ambao humpenda Baba kwa sauti kubwa kila wanapopewa kipaza sauti, wakaanza kueleza matumbo yao.

Wa kwanza, mwenyekiti, alikuwa na presha. Presha hiyo tuliisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Wa pili, ambaye ni shemasi, alisema amefunga na kuomba siku tatu na Mungu bado hajamwambia kitu. Wa tatu peke yake ndiye aliyesema kweli.

"Hii yangu imekunywa vitu mingi," alisema. "Mkimpea mzee, atalewa kwanza ndio apone."

Tulicheka wote. Niliondoka nikicheka, kwenda kumimina chai, maana katika kamati hiyo cheo changu kilikuwa chai.

Niliporudi na sinia, walikuwa wameacha kucheka. Katibu, mke wa mwenyekiti, alikuwa ameshaandika.

"Tumeonelea ni wewe," mwenyekiti aliniambia, akichukua kikombe. "Si wewe hauna bwana, hauna mtoto? Sisi tuko na watu wanatutegemea."

"Mmeonelea saa ngapi?"

"Sasa hivi. Imepita bila kupingwa."

Ingepingwa na nani? Mpinzani alikuwa jikoni akitafuta sukari. Nilikasirika, nikaitua sinia mezani kwa kishindo. Kumbe miaka arobaini na moja nilikuwa spea ya ukoo na hakuna aliyeniambia. Shemasi akafunga mkutano kwa maombi, akimshukuru Mungu kwa kujibu haraka.

Nilifanyiwa vipimo vyote, nikafaa. Siku ya kuweka sahihi, mwenyekiti alifika hospitalini na kumbukumbu za mkutano, zimechapwa na kupigwa muhuri wa duka lake la mabati. Daktari, mama mfupi asiye na haraka, alizisoma, akazikunja, akamwomba kaka atoke nje.

"Hapa kamati haitoi ini," aliniambia tulipobaki wawili. "Wewe mwenyewe unataka?"

Nilimweleza yote, hata ya sukari. Akasema nikikataa, atawaambia tu kwamba sifai, na sababu haitatoka katika chumba kile.

"Hata Baba hataambiwa?"

"Hata yeye."

Nakiri nilifurahi. Nilimwona akilini mwangu mwenyekiti akiitisha mkutano mwingine, presha ikimpanda kweli safari hii. Tena nilikuwa naogopa. Daktari hakunificha kwamba hata mtu mwenye afya kama mimi anaweza kufa akipasuliwa. Neno hapana lilikuwa limeshafika mdomoni.

Kisha nikamfikiria Baba akipewa habari kwamba sifai. Namjua. Angeniita kando ya kitanda, macho yake yamegeuka manjano, anishike mkono na kunishukuru kwa kujaribu. Angeniambia nisijilaumu. Nami ningelazimika kumtazama usoni na kumjibu, "Pole, Baba," kila siku hadi siku atakapokufa.

Nilimwomba daktari fomu. Nilitia sahihi nikiwachukia kaka zangu wote watatu, na Baba pia kidogo, kwa sababu angenishukuru hata kama ningemnyima.