Majibu ya Neno Moja Moja

Pumzi za mgonjwa hazihesabiwi kwa kutangaza. Ukimwambia unazihesabu, ataanza kupumua kama mtu anayepigwa picha. Kwa hiyo unamshika mkono kana kwamba unapima mapigo ya moyo, huku macho yako yako kifuani pake, dakika nzima. Unamfunua mabega uone kama misuli ya shingo inavutika. Unamsikiliza mgongoni kwa stetoskopu, upande huu na upande huu. Halafu unamwongelesha, usikie kama anamaliza sentensi bila kukatiza ili avute pumzi. Haya yote nayajua. Nimewafundisha wanafunzi wauguzi hapa Birmingham, tena kwa ukali.

Asubuhi moja nilimkuta wodini mama mmoja Mkongomani, mkazi wa Handsworth, aliyelazwa kwa nimonia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, viganja magotini, kitenge kimemfunika hadi shingoni. Nikajawa na furaha ya kijinga, maana wiki nzima sikuwa nimemuuguza mtu wa lugha yangu.

"Mama, habari ya asubuhi?"

"Muzuri."

"Umelala vizuri?"

"Muzuri."

"Na watoto?"

"Bazima."

"Wote?"

"Aksanti."

Nikaona huyu ni mama mwenye adabu zake. Sisi na salamu zetu: mtu hata akiwa hoi atakujibu ni mzima. Kule kuinama kwa mtu anayetafuta pumzi nikakuita heshima. Kitenge sikukifungua. Niliona haya kumvua mtu wa umri wa mama yangu, nikasikiliza juu ya nguo. Pumzi nilizihesabu nusu dakika nikazidisha mara mbili, maana nilikuwa napiga soga. Mashine ya kidoleni ya kupima oksijeni ikanipa namba nzuri nikaiamini, ingawa najua inavyoweza kutudanganya sisi wenye ngozi nyeusi. Nikaandika kwamba anaongea bila shida.

Kabla ya saa sita mchana alizidiwa. Madaktari wakaja mbio, pazia likavutwa. Wakashindwa.

Binti yake alifika akiwa amechelewa. Alikuwa amezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza. Nikadhani nitamfariji. Nikamwambia tulisalimiana vizuri na mama, na majibu yake nikamtajia. Akanitazama, akasema haiwezekani. Mama yake hajawahi kujibu salamu kwa neno moja. Ukimuuliza watoto, atakuanzia kifungua mimba mpaka kitinda mimba, na walimu wao, mpaka basi likupite.

"Kwa hiyo alikuwa hawezi kuongea?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

Nilikiri kwa wakubwa wangu, nikahojiwa, nikarudishwa kazini. Nilitamani wanifukuze. Bado napanda basi kutoka Erdington kila asubuhi, na moyo wangu umekufa ganzi. Siku hizi mgonjwa yeyote wa Kiswahili namwomba anitajie watoto wake wote, mmoja mmoja. Yule mama angekwama kwa mtoto wa pili, nami ningekimbia kumwita daktari.