Njiwa wa Jumamosi na Akili za Bi Hilda

Bi Hilda Trewhitt wa Durham, Uingereza, alikuwa na umri wa kubebwa, lakini kila asubuhi alipanda ngazi ya banda la njiwa alioachiwa na marehemu mumewe. Magoti yalimuuma, naye akayatukana. Mwanawe Desmond alikosa usingizi kwa ajili ya ngazi hiyo, akataka mama ahamie nyumba ya wazee. Mama akakataa katakata. Basi Desmond akaleta daktari athibitishe kwamba akili zimemruka.

Masikini, daktari akaja Jumamosi, saa ambayo njiwa wa mashindano, walioachiliwa Ufaransa, hurudi makwao, na wa kwanza kuingia bandani ndiye mshindi. Mtaani pale hata watoto wanajua saa hiyo hakuna kusema. Njiwa akishtuka anatua kwenye paa la jirani, na ushindi ndiyo kwaheri. Daktari, mgeni wa watu, akauliza leo siku gani. Bi Hilda, macho juu, akatikisa mkebe wa mahindi. Daktari akauliza waziri mkuu ni nani. Akaambiwa anyamaze. Akaandika kwamba bibi hajitambui, akaenda zake.

Joyce Pallister, ofisa wa ustawi wa jamii, aliposikia habari hiyo alicheka, maana baba yake naye alifuga njiwa. Akaja Jumanne asubuhi, chai imeshanywewa. Akamwomba bibi avae kifaa chake cha kumsaidia kusikia, kisha akamtoa Desmond nje. Ya waziri mkuu hakuyagusa.

"Bi Hilda, ukianguka ngazini itakuwaje?"

"Nyonga itavunjika. Nitalala uani mpaka muuza maziwa apite. Pengine nitakufa."

"Na nyumba ya wazee?"

"Kule kuna zulia, kuna supu, na kuimbishwa kama vitoto. Nimeyapima, mwanangu. Bora nianguke kwenye mavi ya njiwa wangu."

Joyce akamwita Desmond, akamweleza kwamba mama anaelewa, anapima, na ameshachagua.

"Sasa huo si ujinga?" Desmond akauliza.

"Labda. Lakini ni wake, na akili ya kuuchagua anayo."

"Mpime na huyu," Bi Hilda akadakia. "Kaoa mara tatu, wala hakuna aliyemletea daktari."

Desmond hakucheka. "Mama, naogopa kukukuta chini ya ngazi umekufa."

Bi Hilda akainamia kikombe chake. Hilo hakuwahi kuambiwa. Siku zote aliambiwa ya magoti tu. Likamchoma.

"Basi njoo Jumamosi unishikie ngazi," akasema. "Na mdomo uufunge."